Ni lazima tufasili wema kwanza ndipo tusome maadili? (Uzi mrefu, karibuni kwa hoja)

Wakuu, salaam.

Kila mjadala wa maadili ukipamba moto, hatakosekana mtu wa kusema: "Kabla hatujaendelea, hebu tuambieni wema ni nini." Swali lina sura ya kisomi, na mara nyingi muulizaji ana nia safi. Lakini tazameni linavyofanya kazi. Aliyekuwa anasema kumtesa mfungwa ni uovu anaanza kujiumauma. Anatoa fasili moja, inapanguliwa. Anatoa ya pili, inapanguliwa nayo. Mwisho wa yote mfungwa ameshasahaulika, na wasomaji wanaondoka wakiamini kwamba somo zima la maadili ni maneno matupu kwa kuwa msingi wake haujawahi kuwekwa.

Msimamo wangu ni huu. Fasili ya wema haitangulii somo la maadili, na asiye nayo hana sababu ya kunyamaza. Deni la kufasili liko kwa mtu mwingine kabisa, yule anayetaka kupima, kuhesabu au kuchora mpaka kwa kutumia neno hilo na maneno ya ukoo wake. Huyo tumbane mpaka aseme. Nitajieleza kwa urefu, kwa hiyo asiye na nafasi sasa ahifadhi uzi, arudi baadaye.

Tuanze na mtu ambaye hakwepeki hapa. Mwaka 1903 mwanafalsafa G. E. Moore wa Cambridge alichapisha Principia Ethica, na humo akasema mambo mawili ambayo ukiyaweka pamoja yanashangaza. La kwanza, swali la namna ya kufasili wema ndilo la msingi kuliko maswali yote ya maadili. La pili, wema haufasiliki. Kwake wema ni sifa sahili, haina sehemu ndani yake za kuichambulia, kama ilivyo rangi ya manjano. Unaweza kumweleza mtu mitetemo ya mwanga inayoambatana na manjano, lakini asiyewahi kuiona rangi yenyewe atakuwa bado hajaijua.

Hoja yake unaweza kuijaribu mwenyewe hapo ulipo. Chukua fasili yoyote. Jeremy Bentham, katika kitabu chake cha 1789, alijenga kila kitu juu ya raha na maumivu, basi tuseme wema maana yake ni raha. Mtu anakuonyesha jambo linaloleta raha. Bado unaweza kuuliza, na akili zako timamu, "Sawa, linaleta raha, lakini je, ni jema?" Maneno hayo mawili yangekuwa na maana moja, swali hilo lisingekuwa na kazi, sawa na kuuliza kama kapera ana mke. Ondoa raha, weka ustawi. Weka kinachokubaliwa na jamii. Weka kinachowasaidia viumbe kuendelea kuishi. Swali linabaki wazi vilevile.

Hoja hii ina tundu, na William Frankena alilionyesha mwaka 1939. Moore anachukulia kuwa kimekubaliwa kile kile anachotakiwa kukithibitisha, maana anayeamini kwa dhati kwamba wema ni raha hatakubali kuwa swali liko wazi. Nakubaliana na Frankena. Ila kinachonivutia zaidi kwa Moore kiko kwenye sura ya mwisho ya kitabu, ambako wengi hawafiki. Mtu huyu aliyetangaza kwamba wema haufasiliki anakaa chini na kutueleza ni vitu gani vyema kuliko vyote tunavyovijua: mapenzi kati ya watu, na kufurahia vilivyo vizuri katika sanaa na maumbile. Anatoa sababu, analinganisha, anabagua. Njia anayoipendekeza ni kukifikiria kitu kikiwepo peke yake kabisa, bila matokeo yake, kisha kujiuliza kama kuwepo kwake ni kwema. Unaweza kumpinga. Mimi naona haki imepewa nafasi finyu mno katika orodha yake. Lakini kazi ya maadili imefanyika, ukurasa baada ya ukurasa, bila fasili. Moore mwenyewe alitenganisha mambo mawili: wema ni sifa gani, na ni vitu gani vilivyo na sifa hiyo. La kwanza alilifunga, la pili akaendelea nalo.

Waliomfuata wakang'ang'ania la kwanza. Mwaka 1936 A. J. Ayer akasema kauli za maadili hazielezi ukweli wowote, zinatoa hisia za msemaji. Charles Stevenson akaliendeleza wazo hilo katika kitabu cha 1944. R. M. Hare, mwaka 1952, akasema ni aina ya maagizo, na anayeyatoa lazima akubali yamhusu kila aliye katika hali ileile, yeye mwenyewe akiwemo. Hare alikaa miaka ya vita akiwa mateka wa jeshi la Japani, na aliamini kwa dhati kwamba anayeielewa lugha ya maadili atafikiri vizuri zaidi pale penye ugumu. Siidharau kazi yao hata kidogo. Ninachokataa ni kugeuza kazi hiyo kizuizi cha barabarani. Mwaka 1975 John Rawls aliliweka wazi jambo hili: uchunguzi wa maadili unaweza kusonga bila kusubiri nadharia ya maana ya maneno, na huenda maswali ya maana yenyewe yakasubiri maendeleo ya uchunguzi huo. Miaka minne kabla alikuwa ameshatoa kitabu kizima juu ya haki kwa njia hiyohiyo: unaanza na hukumu ambazo una uhakika nazo zaidi, unatafuta kanuni zinazozieleza, unarekebisha huku na huku mpaka vishikane.

Sasa turudi nyuma sana, maana wanaodai fasili kwanza hupenda kumtanguliza Socrates. Ni kweli, katika maandishi ya Plato ndiye bingwa wa kuuliza "ni nini?" Ushujaa ni nini, uchaji ni nini, uadilifu ni nini. Dai kwamba huwezi kulitumia neno kwa haki mpaka uweze kulifasili Peter Geach alilihesabu kuwa kosa, na mwaka 1966 akalibandika jina la Socrates.

Lakini isomeni Euthyphro, mojawapo ya maandishi hayo ya Plato, polepole, kwa sababu kisa chake kina mengi kuliko fasili. Euthyphro anamshtaki baba yake mzazi kwa kuua. Kibarua wao, kwenye shamba kisiwani Naxos, alilewa, akakasirika, akamchinja mtumwa wa nyumbani. Baba akamfunga kibarua mikono na miguu, akamtupa mtaroni, kisha akatuma mtu Athens kwa mtaalamu wa mambo ya dini akaulize afanyeje. Mjumbe hajarudi, kibarua akafa kwa njaa, baridi na kamba. Ndugu wanamjia juu Euthyphro: mtoto kumshtaki mzazi ni kukosa uchaji. Yeye anashikilia kwamba uchaji ndio huo. Socrates, ambaye naye amefika mahali pale kwa kesi yake mwenyewe, ile iliyomuua mwaka 399 KK, anamwomba basi aeleze uchaji ni nini. Zinatolewa fasili, moja baada ya nyingine zinaanguka, mwishowe Euthyphro anasema ana haraka, anaondoka.

Mimi naona mambo mawili hapo. La kwanza ni la kimantiki. Angalia fasili zinavyoanguka. Euthyphro akisema uchaji ni kile wanachokipenda miungu wote, Socrates anamuuliza: wanakipenda kwa sababu ni cha uchaji, au ni cha uchaji kwa sababu wanakipenda? Mwanzoni Euthyphro haelewi swali, lakini akishafafanuliwa anaona kwamba jibu la kwanza ndilo, na fasili yake inavunjika. Aliona kwa kutumia nini? Hakuwa na fasili. Alikuwa na ufahamu wa jambo lenyewe, uliotosha kuikataa fasili mbovu. Huwezi kusema fasili haifai ikiwa huna tayari kitu cha kuipimia. Kwa hiyo wale wanaopangua fasili za wenzao mtandaoni wakidai hakuna ajuaye wema, kila wanapopangua wanatumia ujuzi wanaosema haupo.

La pili ni yule kibarua mtaroni. Baba alituma kuuliza lililo sahihi, na wakati jibu linasubiriwa mtu amefungwa hawezi hata kujigeuza. Plato anaitaja habari hiyo kwa mistari michache tu, wasomaji wengi wanaivuka wakikimbilia fasili. Sidhani kuna mtu anayehitaji kujua uchaji ni nini ili aone kwamba kibarua, japo muuaji, alistahili kupewa maji akisubiri hukumu.

Aristoteli alilisema mapema kabisa katika somo lake la maadili: tusidai usahihi kuliko jambo lenyewe linavyoruhusu, na tunachunguza uadilifu ili tuwe wema, kuujua tu hakutoshi. Pia alipinga wazo la mwalimu wake Plato kwamba kuna wema mmoja uleule katika kila kilicho chema. Unasemwa kwa namna nyingi, akasema, kisha akaendelea na kazi.

Niwape mfano wa karibu zaidi na wakati wetu. Kuanzia 1932 hadi 1972, idara ya afya ya serikali ya Marekani iliwafuatilia wanaume Weusi wa Tuskegee, Alabama, 399 wakiwa na kaswende na 201 wasiokuwa nayo. Wagonjwa waliambiwa wana "damu mbaya". Penisilini ilipokuwa dawa ya kawaida ya kaswende, mwishoni mwa miaka ya 1940, hawakupewa. Watafiti walitaka kuona ugonjwa unavyokwenda mpaka mtu anakufa. Habari zilipofichuka mwaka 1972, hasira ilikuwa kubwa, na mwaka 1974 sheria ikaunda tume ya kitaifa ya kuwalinda watu wanaofanyiwa utafiti. Wajumbe wake 11 walitoka katika fani na imani tofauti.

Stephen Toulmin, mwanafalsafa aliyefanya kazi na tume hiyo, aliandika baadaye pamoja na Albert Jonsen, aliyekuwa mjumbe, juu ya walichokiona humo ndani. Kesi ikiletwa mezani, wajumbe walikubaliana kwa kiasi kikubwa nini kifanyike na nini kisifanyike. Walipoanza kueleza kwa nini, ndipo walipotawanyika, kila mmoja na kanuni zake. Uhakika ulikuwa kwenye kesi, mashaka yalikuwa juu kwenye nadharia. Ripoti yao maarufu ya Belmont, iliyotangazwa 1979, ilisimamia kanuni tatu: kuheshimu watu, kuwatendea mema, na haki. Kamati za maadili ya utafiti hadi leo zinaitumia, na wema wenyewe haujafasiliwa humo hata kidogo.

Mtu ataniuliza, kwa hiyo tutupe fasili? Hapana, na hapa naomba tuende taratibu kwa sababu ndipo penye moyo wa uzi huu.

Mwaka 1984 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba dhidi ya Mateso. Kifungu cha 1 kinafasili: maumivu makali, ya mwili au ya akili, anayosababishiwa mtu kwa makusudi, kwa lengo kama kupata habari, kumlazimisha kukiri, kumwadhibu au kumtisha, na yanayofanywa na mtumishi wa umma au kwa ridhaa yake. Marekani ikatunga sheria yake kuutekeleza. Kisha Agosti 2002 wanasheria wa Wizara ya Sheria ya nchi hiyo wakaandika waraka kuhusu mahojiano ya watuhumiwa wa ugaidi. Wakasema maumivu ya mwili, ili yafikie kuitwa mateso, lazima yalingane na yale ya jeraha zito kama kiungo kushindwa kufanya kazi, kuharibika kwa utendaji wa mwili, au hata kifo. Siku hiyohiyo waraka mwingine ukaruhusu mbinu kadhaa, ikiwemo kumfunga mtu chali na kummiminia maji usoni hadi ahisi anazama. Waraka wa kwanza ulivuja mwaka 2004, ukaondolewa mwaka huohuo.

Hakuna aliyebadilisha sheria kati ya fasili ile na hii. Kilichobadilishwa ni tafsiri ya neno "makali". Nani athubutu kusema fasili ni mchezo wa wasomi? Lakini tazameni ni neno la ngazi gani lililokuwa linabeba mzigo. Hawakupigania "wema". Walipigania mateso, neno ambalo ndani yake lina maelezo na hukumu kwa pamoja. Bernard Williams, mwaka 1985, aliyaita maneno ya namna hii mazito, kama ukatili, uoga, usaliti, na kuyatofautisha na membamba kama jema na sahihi. Naamini kazi kubwa ya kufasili iko huku kwenye mazito. Ridhaa ni nini, mtu akiwa amekubali kwa sababu ya njaa? Madhara ni nini, yakimfikia mtu ambaye hajazaliwa? Ukiyafanyia kazi maswali haya umefanya maadili barabara.

Mfano wa pili hauna damu, ndiyo maana unapita bila kuonekana. Kuna dodoso la afya linaloitwa EQ-5D. Linauliza mambo matano: kutembea, kujihudumia, shughuli za kawaida, maumivu au usumbufu, wasiwasi au huzuni. Katika toleo la ngazi tano kwa kila jambo, zinapatikana hali 3,125 za kiafya, na kila hali inapewa namba. Afya kamili ni 1, kifo ni 0, na zipo hali zinazopewa namba chini ya sifuri, yaani zimehesabiwa mbaya kuliko kufa. Namba hiyo inazidishwa na miaka anayotarajiwa mgonjwa kuishi, na kwa hesabu hizo taasisi ya NICE ya Uingereza inashauri dawa ipi ilipiwe na mfumo wa afya wa umma na ipi isilipiwe.

Humo ndani wema wa maisha umeshafasiliwa. Neno lenyewe halikutajwa, lakini anayezidisha namba ameshaamua kipi kinahesabika. Upweke hauna swali lake. Heshima haina. Namba zenyewe zimetokana na kuwauliza wananchi wa kawaida wangekubali kupoteza muda gani wa maisha ili waepuke hali fulani, na wengi wao hawajawahi kuishi katika hali hiyo. Sisemi dodoso lifutwe. Fedha za umma lazima zigawanywe kwa utaratibu fulani, na utaratibu unaoonekana ni afadhali kuliko upendeleo wa kificho. Nasema huyu ndiye wa kuulizwa "wema kwako ni nini?" Anadaiwa jibu kwa sababu ameshaanza kulitumia. Mtu anayelia kwamba wagonjwa wa Tuskegee walidhulumiwa hadaiwi.

Karibuni, wakuu.

Mdau: Mkuu, umeandika vizuri lakini umekwepa. Bila fasili moja kila mtu atakuwa na wema wake, na hapo hakuna wa kumhukumu mwenzake.

Mleta mada: Mkuu, hofu yako naielewa, ila fasili haiwezi kuwa dawa yake. Tukipewa fasili leo, tutagombania fasili. Bentham na Immanuel Kant, yule aliyejenga maadili juu ya wajibu, hawakutofautiana kwa kukosa fasili, kila mmoja alikuwa na maelezo marefu ya msingi wake. Na kinyume chake kimewahi kutokea. Tarehe 10 Desemba 1948, mjini Paris, Tamko la Kimataifa la Haki za Binadamu lilipita kwa kura 48, nchi 8 zikajizuia kupiga kura, hakuna iliyopinga. Wakati linaandaliwa, UNESCO ilikuwa imekusanya maoni ya wanafikra wa mila na itikadi mbalimbali. Jacques Maritain, Mkatoliki aliyeandika utangulizi wa mkusanyiko huo, alieleza kwamba watu wa itikadi zinazopingana kabisa waliweza kukubaliana juu ya orodha ya haki, kwa sharti kwamba asiwepo wa kuwauliza kwa nini. Najua kuna watakaosema makubaliano ya aina hiyo ni dhaifu. Ni dhaifu kweli katika mambo mapya ambayo orodha haikuyafikiria. Lakini mfungwa asiyeteswa leo kwa sababu ya kifungu cha 5 hapungukiwi chochote kwa kuwa waliokiandika walitofautiana juu ya asili ya wema.

Mdau: Kwa sisi watu wa imani mbona jambo ni jepesi? Jema ni lile aliloliamrisha Mwenyezi Mungu, baya ni alilolikataza. Fasili hiyo hapo.

Mleta mada: Ndugu yangu, nalichukulia jambo hili kwa uzito wake, na hao wenye imani wenyewe ndio waliolijadili kwa kina kuliko wengi. Katika Uislamu, Wamu'tazila walisema uzuri na ubaya wa matendo unajulikana kwa akili, na dhuluma ni mbaya kwa dhati yake. Waash'ari wakasema la, tendo linakuwa jema au baya kwa amri ya Mungu, na akili peke yake haiwezi kulihukumu hilo. Mvutano ulidumu karne nyingi, na vichwa vikubwa vilikuwa pande zote. Kwa Wakristo, Thomas Aquinas katika karne ya 13 aliiona sheria ya maadili imo katika maumbile na akili inaweza kuisoma. William wa Ockham, karne iliyofuata, akaiegemeza zaidi kwenye matakwa ya Mungu.

Sasa nikuulize: Mmu'tazila na Muash'ari walitofautiana juu ya wizi? Juu ya kumdhulumu yatima? Wote wawili wangemkemea mwizi yuleyule kwa ukali uleule. Tofauti yao ni ya kweli na ina uzito, inagusa namna tunavyomwelewa Mungu na nafasi ya akili pale ambapo hapana andiko. Haikugusa hukumu zao nyingi za kila siku. Kwa hiyo hata kwa mwenye imani aliye na fasili mkononi, kazi kubwa ya maadili inabaki palepale: kulielewa tukio, kujua amri inalihusu vipi, na kutenda.

Mdau: Nadhani mnasahau sayansi. Watu hawakujua maji ni nini mpaka kemia ilipokuja. Huenda wema nao una asili yake, tutaigundua siku moja, na hoja ya Moore itakuwa imekufa.

Mleta mada: Hii ndiyo hoja niipendayo kuliko zote kwenye mjadala huu, asante. Ni kweli, maji ni haidrojeni na oksijeni, na mtu wa kale aliyelijua vizuri neno "maji" angeweza kuliona jambo hilo kuwa swali wazi. Hivyo swali kuwa wazi hakuthibitishi kwamba vitu ni viwili. Mwanafalsafa Hilary Putnam alifafanua maana ya maneno kwa mfano wa maji mwaka 1975, na Richard Boyd mwaka 1988 akalipeleka kwenye maadili: pengine wema ni fungu la mambo yanayokidhi mahitaji ya binadamu na kutegemezana, na tunaendelea kulijua kidogokidogo kama tunavyojua mambo ya maumbile.

Terence Horgan na Mark Timmons wakamjibu kwa mfano wa dunia pacha. Fikiria watu wa huko wanalitumia neno "jema" kusifu na kuongoza matendo kama sisi, ila kinachosababisha matumizi yao ni sifa nyingine ya kimaumbile. Tukikutana nao tukabishana, je, tutasema tulikuwa tunazungumza mambo mawili tofauti, kama watu wawili walioelekeza kidole kwenye vimiminika viwili? Wengi wetu tungesema hapana, tunabishana kweli juu ya jambo moja. Kama ni hivyo, wema haufanani na maji. Sijaona jibu la Boyd au la wenzake linalonitosheleza kabisa, lakini mlango sijaufunga.

Hata hivyo tuseme una haki. Watu walikunywa maji, wakamwagilia, wakatofautisha safi na machafu, wakachimba visima kwa maelfu ya miaka kabla ya Cavendish na Lavoisier kulifanyia kazi swali hilo miaka ya 1780. Na hao wakemia wenyewe walijuaje kwamba wanachokichunguza ni maji? Kama njia yako ni sahihi, fasili ya wema itapatikana mwishoni mwa somo, na itapatikana kwa sababu somo liliendelea bila hiyo.

Mdau: Mimi niko kwenye tiba. Mbona kwetu fasili ndiyo kila kitu? Kifo, kwa mfano. Huwezi kugusa kiungo cha mtu kabla hujajua kama amekufa.

Mleta mada: Mkuu, umeleta mfano bora kuliko yangu, ngoja nikae nao kidogo. Kwa muda mrefu moyo kusimama na pumzi kukoma vilitosha, na hakuna tabibu aliyehitaji mwanafalsafa. Kisha zikaja mashine za kupumulia. Mtu ubongo umekufa wote, kifua kinapanda na kushuka, moyo unapiga, mwili una joto. Desemba 1967 Christiaan Barnard akapandikiza moyo wa binadamu mjini Cape Town, na ghafla dakika ya kifo ikawa na uzito ambao haikuwahi kuwa nao. Agosti 1968 kamati ya Harvard chini ya Henry Beecher ikachapisha vigezo vipya: asiyeitikia chochote, asiyejongea wala kupumua mwenyewe, asiye na mwitikio wa neva, vipimo virudiwe baada ya saa 24.

Kwa hiyo hapo fasili ilidaiwa, kwa sababu ileile niliyoisema juu: kuna watu walikuwa wanataka kuchora mpaka na kutenda kwa kuufuata. Ninachowaheshimu wale wa Harvard ni kwamba mwanzoni kabisa mwa ripoti walitaja sababu zao mbili bila kificho. Moja, mzigo kwa wagonjwa wasioweza kurudi, kwa familia zao, na kwa hospitali zenye uhaba wa vitanda. Mbili, vigezo vya zamani vinaweza kuzusha utata katika kupata viungo vya kupandikiza. Mara tu baada ya kuandikwa, wapo waliolipinga hilo la pili. Hans Jonas alikuwa miongoni mwa wa kwanza: akasema mpaka wa uhai na kifo haujulikani kwa uhakika, na haifai kuuchora kwa kutazama nani atafaidika na viungo. Mimi kwenye hili niko na Jonas kuhusu sababu, na niko na kamati kuhusu vigezo, maana naona vinaweza kutetewa bila kutaja viungo kabisa. Wewe uliye wodini unaona ndugu wa mgonjwa wanakikubali kigezo hicho wakati kifua bado kinapanda? Hilo ningependa sana kulisikia kutoka kwako.